Muhuri wa Bure

Ofisa wa forodha aliniuliza gari langu la kwanza nimelifanyia nini.

"Gari gani?" nikamwuliza.

"La kwanza. Hili unaloliombea msamaha wa kodi sasa hivi ni la pili."

Nilicheka. Mimi nikiingiwa na hofu hucheka kwanza, kufikiri hufuata baadaye. Nikamwambia, dada yangu, gari pekee nililowahi kulinunua maishani ni lile lililoko kwenye yadi yenu hapo nje, jekundu, dogo, breki na mafuta viko mkononi, na hata hilo sijaligusa bado. Yeye hakucheka. Alikuwa mwanamke wa rika langu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, meza yake safi mno kwa mtu wa serikali. Mbele yake ilikuwepo fomu niliyoijaza asubuhi ile, kila mstari, mpaka mahali pa mtu wa karibu, ambapo niliandika jina la kaka yangu na namba yake ya simu. Namba hiyo naijua kwa kichwa kuliko ninavyoijua yangu. Akageuza kompyuta kidogo ili nami nione.

Jina langu lilikuwepo. Jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, na aina ya ulemavu: mguu wa kulia. Chini yake gari: la familia, viti saba, rangi ya fedha. Liliingia nchini miaka mitatu iliyopita. Kodi: imesamehewa.

Viti saba, rangi ya fedha. Gari hilo nililijua mpaka harufu yake.

"Sheria inakupa gari moja kila baada ya miaka saba," ofisa akasema. "Wewe bado una minne. Kwa hiyo hili jekundu utalilipia kodi kama mtu mwingine yeyote."

Alisema "kama mtu mwingine yeyote" bila ubaya wowote. Kodi yenyewe ilikuwa inakaribia bei ya gari. Nilikuwa nimeweka akiba miaka tisa ili nipate hiyo bei, nikiacha hiki na kile, nikivaa viatu kimoja kimeisha na kingine bado kipya. Niliagiza gari hilo ng'ambo kwa sababu huku kwetu hakuna wanaoyauza yenye breki za mkononi. Nililitaka kwa sababu ofisi kubwa zilikuwa zimeacha kunipa kazi: siku hizi wanataka uwapelekee mlangoni, na mimi mabasi yakiniona kituoni na magongo yangu huongeza mwendo. Mwaka ule wateja wangu wawili wakubwa walikuwa wameshahama. Ningeendelea hivyo mwaka mmoja zaidi, ningefunga kazi. Na yadi ya forodha inakaa na gari siku thelathini tu. Siku ya thelathini na moja linakwenda mnadani. Siku ile ilikuwa ya kumi na tatu.

"Naomba kuliona faili la hilo gari la kwanza," nikasema.

"Mafaili ya zamani yako ghorofa ya juu."

"Nitasubiri. Kukaa ndiyo kazi ninayoiweza."

Akaniangalia, akayaangalia magongo niliyoyalaza sakafuni, kisha akainuka mwenyewe kwenda kulileta. Wengine wangeniambia nirudi kesho. Nilibaki nikijiambia kwamba kompyuta hukosea, kwamba majina hufanana, kwamba mguu wa kulia si wangu peke yangu duniani.

Faili lilikuwa jembamba. Karatasi ya kwanza ni ya maombi, na saini ni yangu. Haikuigizwa, ni yangu kabisa, pamoja na ule mkia ninaoupindisha mwishoni. Karatasi ya pili ni barua ya daktari wa kliniki ya viungo, akithibitisha kwamba gari limefungwa breki za mkononi kwa ajili ya mgonjwa wake, yaani mimi. Chini ya barua kulikuwa na muhuri wa mviringo, wino wa bluu, herufi zimekaa sawa, nyota mbili pembeni. Muhuri mzuri. Nikainama kuutazama kwa karibu. Chini ya nyota ya kushoto kulikuwa na nukta.

"Daktari huyu unamfahamu?" ofisa akauliza.

Nikamwambia simfahamu, na ilikuwa kweli. Sikumwambia kwamba muhuri naufahamu, kwa sababu niliutengeneza mimi.

Ndiyo kazi yangu. Nachonga mihuri ya mpira, kwa wembe na mkono, katika chumba cha mbele cha nyumba ninayokaa, kati ya duka la mapazia na fundi funguo. Watu hudhani mihuri huota yenyewe juu ya meza za wakubwa. Wapi! Mingi ya mji huu imetoka kwangu: ya shule, ya wanasheria, ya vyama vya akiba, hata ya mhubiri mmoja aliyetaka wake uwe mkubwa kuliko wa askofu. Kila herufi huchongwa kinyume ili ikigongwa itoke sawa, na baada ya miaka kumi na tisa nasoma maandishi ya kinyume haraka kuliko yaliyonyooka. Fundi funguo hunitania kwamba siku moja nitaanza kutembea kinyumenyume. Namjibu kwamba kutembea kwa mbele kunanitosha shughuli.

Muhuri unaweza kumtia mtu jela, kwa hiyo nina masharti, na nimeshafukuza wateja wenye fedha zao kwa ajili ya masharti hayo. Anayeagiza alete barua ya ofisi. Muhuri ukikamilika, mara ya kwanza naugonga kwenye daftari langu kubwa, naandika tarehe na bei. Na anayekuja kuuchukua huchovya dole gumba kwenye wino uleule akalikandamiza pembeni ya muhuri wake, ili kesho asiniambie hakuwa yeye. Nagonga kurasa za upande wa kulia tu, maana wino wangu ni mzito, hupenya. Za kushoto hubaki tupu. Nukta si sharti. Ni alama yangu, nijue kazi yangu inapoletwa kulalamikiwa.

Muhuri wa daktari yule uliagizwa na kaka yangu.

Tulizaliwa wawili tu. Yeye amenitangulia miaka sita. Nikiwa na miaka minne nilipata homa, homa ikaondoka na mguu. Shule ilikuwa mbali na njia ilikuwa ya kupanda, na magongo ya kimo changu hayakupatikana, basi kaka akanibeba mgongoni kwenda na kurudi, miaka sita. Kila asubuhi aliinama pale kizingitini akasema, "Panda." Nami napanda, namshika masikio, la kushoto nikilivuta anakata kushoto, la kulia anakata kulia, na njia nzima ananilalamikia kwamba nimekula nini mbona nimekuwa gunia. Kama ofisa alitaka kujua habari za gari langu la kwanza, lilikuwa hilo.

Sasa, miaka mitatu iliyopita kaka alinijia na mambo mawili katika wiki moja. La kwanza lilikuwa karatasi, alizosema ni za kliniki, nipatiwe magongo mapya. Saini hapa, na hapa, na hapa. Nikasaini. Mimi ninayesoma herufi za kinyume kutwa nzima, zilizonyooka sikuzisoma, kwa sababu zililetwa na kaka. Na magongo yalikuja kweli, ya alumini, mepesi, nikalia kwa furaha nikambusu mkono. La pili lilikuwa muhuri. Daktari wa kliniki, rafiki yake, amepoteza wake, na ndiye aliyetusaidia kupata magongo, je, tutashindwa kumtengenezea muhuri mmoja? Barua ya ofisi ataileta baadaye. Sikuidai barua. Niliuchonga muhuri ule kwa siku tatu, nikauremba nyota, na kwenye daftari, mahali pa bei, nikaandika: bure.

Dole tu ndilo nililomlazimisha. "Hata kaka anaweka dole," nikamwambia, tukacheka. Akachovya, akakandamiza, kisha akalifunga daftari mwenyewe, pa!, kwa vile alikuwa na haraka. Nikamgombeza kwamba wino haujakauka.

Baada ya miezi miwili akaja na gari la rangi ya fedha. Alisema amekopa kazini. Mama alipofariki nilipanda gari hilo kwenda mazikoni, kiti cha nyuma kabisa, na wifi yangu akageuka akaniomba niyapakate magongo yasikwaruze ngozi ya viti. Nikayapakata njia nzima. Tulipofika nikawashukuru kwa kunibeba.

Nilipotoka forodhani siku ile nilikwenda moja kwa moja nyumbani, nikalifungua daftari pale pa miaka mitatu iliyopita. Muhuri upo. Dole lipo. Neno bure lipo, kwa mwandiko wangu. Nikampigia kaka nikamwambia neno moja tu, njoo.

Akaja kesho yake asubuhi. Nilimwona dirishani akilipaki lile gari, akilifunga, akilitazama tena kama limefungika. Akaingia akiwa na mkate chini ya kwapa.

"Umeamkaje, mdogo wangu?"

"Nimeamka na magari mawili," nikasema.

Mkate aliuweka mezani taratibu. Nilikuwa nimejiandaa akatae. Nilikuwa na maneno yangu yote tayari, kwamba usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba usiniletee hadithi. Lakini hakuuliza magari gani.

"Nani amekuambia?" ndilo swali lake.

"Forodha. Na nukta yangu kwenye muhuri."

Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Akawa anazungusha funguo za gari kidoleni.

"Nilikuwa nataka kukuambia."

"Lini? Miaka saba ikiisha?"

"Sikiliza. Wakati ule wewe gari ungelitoa wapi? Sema kweli. Haki ilikuwa imekaa tu pale, haina mtu wa kuitumia. Nikaona basi itufae kama familia. Si umepanda gari lile? Si limekuchukua mazikoni?"

Hapo alinikata maini. Wakati ule nilikuwa nimeshafikisha mwaka wa sita wa kuweka akiba, na yeye ndiye pekee aliyejua. Kila mwisho wa mwezi nilimwambia nimefika wapi, naye akinijibu vizuri sana, mdogo wangu, usikate tamaa. Nikamkumbusha. Nikamwuliza siku zile alipokuwa akinipa moyo, alikuwa ananihurumia au ananicheka.

Akasimama. Kaka akikosa jibu hupandisha sauti, tangu utotoni.

"Nilikubeba mgongoni miaka sita! Mvua ya kwangu, jua la kwangu. Wenzangu wanacheza mpira, mimi nimebeba mtu. Nimewahi kukudai hata siku moja? Leo karatasi moja, moja tu, unaniita hapa kama mwizi?"

"Kumbe ulikuwa unahesabu," nikasema.

Funguo zikamponyoka zikaanguka sakafuni, hakuziokota. Nyumba ya jirani mashine ya fundi funguo ilikuwa inalia, ikanyamaza, ikalia tena. Kisha kaka yangu akaufunika uso wake kwa viganja, akalia, machozi ya kweli, mabega yakitikisika. Sikuwa nimemwona hivyo hata siku ya mama.

"Umewaambia habari ya muhuri?" akauliza akiwa bado amejifunika.

"Bado."

"Wakijua nitafungwa. Wifi yako na watoto wataishije?" Akajifuta kwa mkono wa shati. "Nina kile kiwanja. Nitakiuza. Nipe wiki moja tu, kodi ya gari lako nailipa yote, senti ya mwisho. Hata hao forodha hawahitaji kujua kitu. Utalipa kama watu wengine, utachukua gari lako, yataisha. Wiki moja, mdogo wangu."

Nikahesabu moyoni. Siku ya kumi na nne, na wiki moja, ishirini na moja. Muda ulitosha.

"Sawa," nikasema.

Nilimwamini. Nalisema hili waziwazi ingawa linaniaibisha: nilimwamini kabisa, tena nilifurahi, kwa sababu usiku kucha nilikuwa nimeogopa kumkosa yeye kuliko nilivyoogopa kulikosa gari. Nikamwambia akae nimchemshie chai tule na mkate wake. Siku zote nikisema hivyo yeye hunikatiza, kaa wewe, nitachemsha mimi. Siku ile alisema, "Asante, mdogo wangu. Koo limenikauka."

Jiko langu liko mwisho wa korido. Kutoka mezani mpaka jikoni ni hatua kumi na moja za magongo, na kila hatua inasikika, tak, tak, kwenye sakafu ya saruji. Kikombe nabeba kimoja kwa safari, maana mkono mwingine una kazi yake. Kwa hiyo vikombe viwili ni safari mbili. Hayo yote kaka anayajua kuliko mtu yeyote aliye hai. Tukanywa, tukala, tukaongea habari za watoto wake. Akaniinamia akanibusu paji la uso, akaondoka.

Alasiri alikuja karani wa mwanasheria kuchukua muhuri wao. Nikafungua daftari aweke dole, likafunguka lenyewe mahali pasipo pake, kama mlango uliolegea bawaba. Ukurasa wa miaka mitatu iliyopita haukuwepo. Ulikuwa umekatwa safi kabisa, sambamba na uzi wa jalada, na wembe wangu ulikuwa umelazwa kwenye kisahani chake makali yakinitazama mimi. Siulazi hivyo. Miaka kumi na tisa sijawahi kuulaza hivyo.

Karani akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia aweke dole lake aende.

Nilipobaki peke yangu nikalia, na si kwa ajili ya ukurasa. Nilikuwa namwona kaka amekaa pale kwenye kigoda, machozi hayajakauka, ametega sikio. Tak, tak, mdogo wake anakwenda. Kimya, anasubiri maji. Tak, tak, anarudi na kikombe cha kwanza, wembe chini. Tak, tak, amekwenda tena. Alinisikiliza vile kila siku ya utoto wetu ili nisianguke. Siku ile alinisikiliza ili animalize.

Nikampigia simu. Hakupokea. Mara ya nne akapokea wifi.

"Kaka yako anasema mlishaongea mkakubaliana, mambo yameisha," akasema. "Acha apumzike, wifi yangu, presha inampanda."

"Tulikubaliana atauza kiwanja," nikasema.

Wifi naye nadhani kuna vitu hakuambiwa.

"Kiwanja kipi?" akauliza. "Si tulikiuza mwaka juzi?"

Nikakata simu. Basi wiki moja niliyompa haikuwa ya kutafuta kodi. Ilikuwa ya kuzila siku zangu za yadi. Gari lingekwenda mnadani, mimi ningebaki na magongo yangu na hadithi isiyo na ushahidi, na kama ningefungua mdomo, muhuri wa kughushi ungekuwa wangu peke yangu, wenye nukta yangu, uliochongwa bila barua. Alikuwa amelifikiria jambo hili vizuri. Kaka yangu si mjinga.

Nilitaka kulitupa daftari lile. Kweli, nililiinua nilirushe ukutani, na lilipofunguka nikaona ukurasa wa kushoto, ule unaobaki mtupu, uliokuwa umetazamana na ukurasa uliokatwa. Ulikuwa na uchafu wa bluu, hafifu, kama vile mtu aliufuta kwa kitambaa. Mtu mwingine angeona ni doa tu, na bila shaka kaka naye aliona doa. Mimi nilisoma. Nilisoma kabla sijajua ninasoma: jina la kliniki, cheo cha daktari, nyota mbili, nukta sasa ikiwa upande wa kulia, na pembeni yake dole gumba, mistari yake yote. Vyote kinyume, kama vinavyokuwa kwenye mpira. Wino ulikuwa haujakauka siku ile alipolifunga daftari kwa haraka zake. Nilimgombeza bure.

Siku ya kumi na sita nilikuwa mbele ya meza ile safi tena. Nililiweka daftari juu yake nikamweleza ofisa mambo yote tangu mwanzo, hata ya chai. Alisikiliza ameshika kalamu bila kuandika. Nilipomaliza akalivuta daftari, akapindisha shingo huku na huku, akashindwa. Akafungua mkoba wake akatoa kioo kidogo cha kujipodolea, akakisimamisha pembeni ya ukurasa. Akatazama ndani ya kioo muda mrefu. Kisha akaileta barua ya daktari kutoka kwenye faili akailaza kando.

"Unaelewa kwamba hapa unajiandikia kosa na wewe?" akasema. "Ulichonga muhuri wa ofisi bila barua."

"Naelewa. Liandike na hilo."

"Unaweza kufungiwa kazi."

"Kazi ilikuwa inakufa hata hivyo. Andika."

Akavaa miwani. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa: gari jekundu litawekewa zuio, halitaguswa na mnada mpaka uchunguzi uishe, na hiyo inaweza kuwa miezi. Lile la rangi ya fedha litafuatwa leo hii popote lilipo. Haki yangu inaweza kurudishwa ikithibitika sikujua, na inaweza isirudishwe. Hakuniahidi kitu, nami nilishukuru kwa hilo, maana ahadi nilikuwa nimeshapewa ya kutosha wiki ile.

Kisha akavuta fomu mpya. Jina la mlalamikaji, nikamtajia. Jina la mlalamikiwa, nikamtajia. Uhusiano.

"Kaka," nikasema. "Wa tumbo moja."

Aliandika bila kuinua macho. Akaniuliza anapokaa, nikamwelekeza mpaka rangi ya geti. Akaniuliza namba yake ya simu, nami nikaitaja yote bila kufikiri, tarakimu baada ya tarakimu, kama ninavyoitaja kila ninapolazwa hospitali, kila ninapojaza karatasi yoyote tangu nilipojua kuandika.

"Mtu wa karibu wa kujulishwa," ofisa akasoma mstari unaofuata. Akaivuta ile fomu yangu ya mwanzo ili anakili, kalamu ikaanza kuandika, halafu ikasimama. Jina lilikuwa lilelile aliloliandika mistari mitatu juu.

Akalikata kwa mstari mmoja. Akasubiri. Nami nikasubiri, kana kwamba kuna mtu angeingia mlangoni.

"Hapa siwezi kupaacha wazi," akasema kwa sauti ya chini. "Mfumo haukubali."

"Weka namba ya dukani kwangu," nikamwambia. "Nitapokea mwenyewe."

Akaiandika. Nikayaokota magongo sakafuni, yaleyale ya alumini aliyoniletea kaka, kwa sababu sina mengine, nikaanza safari ya kwenda kituo cha basi.